Uzi: Ugonjwa wa asbesto na saa ya mahakama. Muda wa kufungua dai unaanza kuhesabiwa lini?

BintiFundi

Wakuu, habari zenu. Nimesoma humu kimya kimya kwa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni, na sitaki familia nyingine ilipitie kwa kutojua tu.

Baba yangu alikuwa fundi wa boila. Kazi yake kubwa ilikuwa kubomoa lile ganda jeupe linalofunika mabomba ya mvuke, kuziba palipovuja, kisha kufunika upya. Ganda lile lilikuwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayozuia joto. Walilikoroga na maji ndani ya ndoo kama uji mzito, wakalipaka kwa mikono mitupu. Lililokauka likibomolewa, vumbi lilitanda mpaka mwenzako wa hatua tatu humuoni. Alistaafu akiwa mzima kabisa. Zaidi ya miaka 30 baadaye akaanza kukata pumzi akipanda ngazi. Wakamvuta maji kwenye mapafu mara mbili, mara ya tatu wakachukua kinyama cha kupima.

Barua ya majibu ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, na chini yake kwamba inalingana na historia yake ya kazi ya asbesto. Juu kulia palikuwa na tarehe. Sisi sote tulisoma neno saratani. Tarehe hakuna aliyeitazama.

Wiki iliyofuata kaka yangu alimpigia simu wakili mmoja (jina naliacha). Akaulizwa mzee aliacha kazi lini. Kaka akataja mwaka. Jibu likaja palepale: "Miaka 30 imepita, dai hilo limeshakufa." Simu haikufika dakika 5. Tukaamini, tukakaa. Tukamuuguza baba miezi 14, tukamzika, tukaomboleza. Miezi 13 baada ya mazishi, mtu tuliyekutana naye kliniki wakati ule akatuuliza kesi yetu imefikia wapi. Tukamwambia tuliambiwa imekufa. Akashangaa, akatupeleka kwa wakili mwingine, mama mmoja mtu mzima. Yule mama aliuliza swali moja tu: "Barua ya hospitali ina tarehe gani?"

Mahali tulipokuwa tunaishi, sheria ilitoa miaka 2. Na ile miaka 2 haikuanza siku baba alipovuta vumbi, wala siku alipostaafu. Ilianza siku alipojua ana ugonjwa na kwamba umetokana na kazi ile. Tangu barua mpaka siku tuliyokaa mbele ya yule mama ilikuwa miezi 27. Dai la baba mwenyewe, la maumivu yake, tulilikosa kwa miezi 3.

Lililobaki hai ni dai letu sisi tuliomtegemea, kwa kuwa hilo lina saa yake inayoanza siku ya kifo. Nitarudi kwenye hilo. Kwanza nataka watu waelewe hili la mwanzo: ukiambiwa "miaka imepita mingi mno", usikate simu ukaenda kulala. Muulize anayekwambia, unahesabu kuanzia siku gani?

Karani Mstaafu

Pole sana binti yangu. Mungu amrehemu mzee.

Nimefanya kazi masijala ya mahakama na baadaye ofisi za mawakili wa madai ya kazini, kwa hiyo naomba niongezee. Yule wakili wa kwanza alitumia hesabu ambayo zamani ilikuwa sheria kweli katika nchi kadhaa, na iliumiza watu vibaya sana.

Uingereza kulikuwa na shauri la Cartledge dhidi ya Jopling. Wafanyakazi walivuta vumbi la kiwandani, mapafu yakaharibika taratibu bila wao kuhisi. Mwaka 1963 majaji wa juu kabisa walisema muda ulianza kuhesabika mapafu yalipoanza kuharibika, hata kama mgonjwa hakuwa na njia yoyote ya kujua. Yaani haki yako inaweza kufa kabla hujajua kwamba unayo. Majaji wenyewe hawakuifurahia hukumu yao, lakini sheria ilivyoandikwa iliwafunga. Mwaka huohuo Bunge likabadilisha sheria. Leo iko kwenye Sheria ya Ukomo ya 1980: miaka 3 tangu tukio, au tangu siku ya kujua, ile iliyo ya baadaye.

Marekani walianza kulitambua hili mapema. Mwaka 1949 Mahakama Kuu ya huko iliamua shauri la Urie, mchochea moto wa garimoshi aliyevuta vumbi la mchanga kwa takriban miaka 30. Kampuni ya reli ilidai amechelewa. Mahakama ikakataa kumhukumu kwa kutojua kitu ambacho hakuwa na namna ya kukijua. Lakini huko kila jimbo lina sheria yake. New York iliendelea kuhesabu tangu mtu alipokutana na sumu mpaka 1986, sheria ilipobadilishwa. Na kwa sababu wengi walikuwa wameshafungiwa mlango, ile sheria mpya iliwapa wagonjwa wa asbesto na wa sumu nyingine chache mwaka 1 wa kufufua madai yaliyokufa.

Asbesto ndiyo iliyolazimisha mabadiliko haya kuliko kitu kingine. Ajali ya mashine unaijua siku hiyohiyo. Mesotelioma hukaa miaka 20 hadi 50 tangu vumbi liingie. Sheria yoyote inayohesabu kuanzia siku ya vumbi inakuwa imemnyima mtu huyo mahakama moja kwa moja.

Msafiri wa Reli

Shikamoo mzee Karani. Naomba kuuliza: "siku ya kujua" ni siku ya barua ya hospitali tu? Mzee wangu aliambiwa na daktari wa mwanzo kwamba "huenda ni ile asbesto ya kazini", vipimo kamili vikaja miezi 5 baadaye.

Karani Mstaafu

Marahaba. Umegusa mahali panapouma.

Sheria nyingi hazisemi "alijua" peke yake. Zinasema alijua au alipaswa kujua. Mahakama itauliza: mtu mwenye busara ya kawaida, aliyeambiwa alichoambiwa mzee wako, angeanza kuuliza lini? Kwa Uingereza vitu vinavyotakiwa kujulikana ni kwamba dhara ni kubwa, kwamba limetokana na kosa au uzembe unaolalamikiwa, na nani aliyelisababisha. Kama daktari alimtamkia mzee neno asbesto, na likaandikwa kwenye faili, wakili wa upande wa pili atalitafuta hilo neno na kusema saa ilianza siku ile. Kwa usalama wenu hesabuni kuanzia tarehe ya mapema zaidi. Mkikuta mna muda wa ziada, mshukuruni Mungu, lakini msiupangie mipango.

Na muda wenyewe haulingani. Texas ni miaka 2. New York ni 3 tangu kugundua. California kwa asbesto ni mwaka 1 tu, unaohesabiwa tangu ugonjwa ulipomlemaza mtu au tangu alipojua, au alipopaswa kujua, chanzo chake, ile tarehe ya baadaye. Mtu aliyefanya kazi majimbo mawili au nchi mbili anaweza kuwa nje ya muda upande mmoja na ndani upande wa pili. Ndiyo maana swali la mahali alipovutia vumbi ni zito kama swali la lini.

Binti, samahani kwa nitakalosema maana litakuuma. Kwa sheria ya Uingereza, mtu akifa kabla muda wake haujaisha, msimamizi wa mirathi hupata miaka 3 mipya tangu kifo, au tangu yeye msimamizi alipojua. Huko mngekuwa bado ndani kwa dai la baba yenu pia.

BintiFundi

Limeuma kweli mzee, lakini bora nimelijua. Asante.

Mama Wawili

Jamani nimesoma hadi mikono inatetemeka. Baba mkwe wangu aliambiwa ana asbestosisi miaka 9 iliyopita, ile ya mapafu kuwa magumu. Hakudai chochote, alisema ni kikohozi cha kazi kama wenzake. Mwezi uliopita wamemwambia mesotelioma. Kwa hesabu zenu si ndiyo ameshachelewa miaka 9?

Karani Mstaafu

Dada, usikate tamaa hata kidogo. Ngoja nikueleze shauri moja, ulisome kwa utulivu.

Kulikuwa na fundi wa kufunika mabomba anaitwa Henry Wilson, Washington. Mwaka 1973 aliambiwa ana asbestosisi, kiasi kidogo. Hakushtaki. Mwaka 1978 akakutwa na mesotelioma, akafariki mwaka huohuo. Mjane wake akafungua dai mwaka uliofuata dhidi ya Johns-Manville na watengenezaji wengine wa asbesto. Mahakama ya chini ikasema amechelewa: mumewe alijua asbesto imemdhuru tangu 1973. Akakata rufaa. Mwaka 1982 mahakama ya rufaa ikatengua. Hukumu iliandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, kabla hajawa wa Mahakama Kuu. Hoja yake ni kwamba asbestosisi na mesotelioma ni magonjwa mawili, moja halilazimiki kuzaa lingine, na kumlazimisha mtu mwenye asbestosisi ndogo ashtaki leo kwa saratani ambayo huenda asiipate kabisa ni kuijaza mahakama madai ya kubahatisha. Saratani ikawa na saa yake.

Majimbo mengi ya Marekani yanafuata mtazamo huo sasa. Kwa hiyo kwa baba mkwe wako swali ni: huko aliko, sheria inatenganisha magonjwa haya au inayahesabu kama dhara moja? Hilo ndilo la kwanza kumuuliza wakili.

La pili. Kama kuna mtu humu ana asbestosisi na anadai sasa, asome karatasi ya mapatano kabla ya kusaini. Kuna maneno ya "nimeridhika na sitadai tena kwa lolote lililopita na lijalo". Ukisaini hayo, mlango wa saratani umeufunga kwa mkono wako. Uingereza ipo fidia ya muda: unalipwa sasa kwa ulichonacho, na mahakama inakuachia ruhusa ya kurudi ugonjwa mkubwa ukija. Omba hiyo kama ipo kwenu.

Muuguzi Zamu ya Usiku

Habari za saa hizi. Mimi si mwanasheria, nahudumia wagonjwa wa kifua, nimeona mengi upande wa karatasi.

Faili la mgonjwa lina tarehe nyingi, na familia hubeba moja tu. Kuna siku ya picha ya kwanza, siku maji yalipovutwa, siku kinyama kilipochukuliwa, siku maabara ya patholojia (inayopima kile kinyama) iliposaini ripoti, siku daktari alipokaa na mgonjwa na kumwambia. Hizi zinaweza kuachana kwa wiki 6 au zaidi. Ombeni nakala ya faili lote, na ombeni mapema, maana kulipata kunaweza kuchukua wiki nyingi na saa ya mahakama haisimami mkiwa mnasubiri. Ripoti ya patholojia ndiyo nguzo. Bila hiyo mtabishana kama ni mesotelioma au saratani nyingine iliyosambaa.

Pili, historia ya kazi iandikwe hospitalini. Nimeona mafaili yameandikwa "mstaafu" peke yake. Mstaafu wa nini? Mwambieni daktari: alikuwa fundi breki, alikuwa mjenzi wa mabati ya asbesto, alikuwa chumba cha injini melini. Aandike na miaka. Maneno hayo yakiandikwa na daktari mgonjwa akiwa hai yana uzito kuliko mtoto kuyakumbuka baadaye.

Tatu, na hili nasema kwa uchungu. Mwenye kesi ni mgonjwa, na ushahidi mkubwa uko kichwani mwake. Jina la kampuni iliyokuwa kwenye mifuko, rangi ya mfuko, nani alikuwa msimamizi, wenzake walikuwa kina nani. Mesotelioma haimsubiri mtu. Wengi tunaowapokea hawamalizi miezi 18. Kwa hiyo hata sheria ikikupa miaka 3, mzee mwenyewe hana miaka 3. Mkaeni naye asubuhi akiwa na nguvu, kabla dawa ya maumivu haijamlaza, mrekodi sauti na simu, muandike. Kisha wakili achukue ushahidi wake rasmi kwa kiapo.

BintiFundi

Dada Muuguzi, ungejua ulivyonigusa. Baba alikuwa anakumbuka mpaka alama iliyochorwa kwenye magunia. Aliichora kwa kidole juu ya shuka siku moja akimsimulia mjukuu wake. Hakuna aliyechukua kalamu. Leo wakili ananiuliza ile alama ilikuwaje, nabaki kufumba macho nikijaribu kuuona mkono wake.

Karani Mstaafu

Muuguzi amesema kweli tupu. Shauri lililofungua njia Marekani, la Clarence Borel, lilisimama kwa namna hiyohiyo. Alianza kazi ya kufunika mabomba 1936, akafungua dai 1969, akafa 1970 kabla kesi haijasikilizwa. Lakini alikuwa ameshatoa maelezo yake kwa kiapo. Alieleza nguo zilivyojaa vumbi, na kwamba walijua vumbi si zuri ila hawakujua linaua. Yeye alidhani likifika kwenye mapafu linayeyuka. Mjane wake akaendelea na kesi, na mwaka 1973 mahakama ya rufaa ikathibitisha ushindi dhidi ya watengenezaji kwa kutowaonya wafanyakazi. Maneno ya marehemu yaliingia kwenye hukumu kwa sababu yalichukuliwa mapema.

Mtoto wa Nyumbani

Mimi swali langu ni la mama. Hajafanya kazi kiwandani hata siku moja. Ila kila Ijumaa alikuwa anafua ovaroli za baba. Anazikung'uta kwanza nje, pu! pu! ukutani, vumbi linaruka, sisi watoto tunacheza palepale. Sasa ana mesotelioma yeye, baba hana kitu. Mama ana haki gani?

Karani Mstaafu

Pole sana ndugu yangu. Kesi za namna ya mama yako zipo, wake na watoto waliougua kwa vumbi la nguo, na katika maeneo kadhaa mahakama zimezikubali. Kwengine zimekataa kwa kusema mwajiri hakuwa na wajibu kwa mtu asiye mfanyakazi wake. Lazima mpate jibu la huko mliko.

Kuhusu saa: yake inaanza kama ya mwingine, siku alipojua ugonjwa na chanzo. Tofauti ni kwamba mfuko wa fidia ya wafanyakazi kwa kawaida haumhusu, kwa hiyo msipoteze miezi huko mkisubiri kukataliwa. Dai lake linaelekea kwa mwajiri wa baba kwa uzembe, au kwa aliyetengeneza ile asbesto. Na ninyi mliokuwa mnacheza pale, mwambieni daktari wenu. Iandikwe.

Msafiri wa Reli

Na kama kampuni ilishakufa? Ile aliyofanyia mzee wangu ilifungwa zamani, hata jengo halipo.

Karani Mstaafu

Kampuni kufa hakufuti dai, kunahamisha mlango. Kwanza inatafutwa bima iliyokuwa nayo miaka ile ya vumbi. Bima ya mwajiri ya miaka hiyo inaweza kuwajibika hata leo.

Marekani kampuni nyingi za asbesto zilikimbilia ufilisi. Johns-Manville ndiyo mfano mkubwa, 1982, na mfuko wa kulipa waathirika ukaanza 1988. Mwaka 1994 sheria ya ufilisi ikawekewa kifungu maalumu cha mifuko hii, na sasa ipo zaidi ya 60. Hapa watu wanajikwaa: dai la mfuko si kesi ya mahakamani, na kila mfuko una kanuni na muda wake. Kufungua kesi dhidi ya kampuni A hakusimamishi saa ya mfuko wa kampuni B. Fundi aliyetumia bidhaa za watengenezaji 7 anaweza kuwa na tarehe 7 za kukumbuka.

Kwengine serikali imeweka njia pembeni ya mahakama. Ufaransa wana mfuko wa waathirika wa asbesto, FIVA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2000, na muda wake ni miaka 10 tangu cheti cha kwanza cha daktari kinachounganisha ugonjwa na asbesto. Uingereza, kwa mwenye mesotelioma aliyeshindwa kumpata mwajiri wala bima, kuna mpango wa malipo wa 2014, kwa waliogundulika kuanzia tarehe 25 Julai 2012, na ombi lipelekwe ndani ya miaka 3 tangu kugundulika. Mafao ya serikali na fidia ya wafanyakazi nayo yana tarehe zake, mara nyingi pamoja na sharti la kumtaarifu mwajiri mapema.

Jirani Mwema

Nauliza kwa kifupi. Mimi sina ugonjwa, picha imeonyesha mabaka tu kwenye utando wa mapafu. Sihisi kitu. Saa imeanza?

Karani Mstaafu

Inategemea kama huko yanahesabiwa kuwa dhara la kudai. Uingereza majaji wa juu walisema mwaka 2007 kwamba mabaka yasiyo na dalili si dhara la kudai fidia. Scotland wakakataa kuishi na hilo, wakatunga sheria yao 2009 inayoyaruhusu. Kwa hiyo mtu mwenye picha ileile upande mmoja wa mpaka hana dai, upande wa pili anayo na saa inahesabu. Uliza mapema, weka picha na tarehe yake.

Msomi wa Haki

Naomba nichangie upande ambao mlango umefungwa kweli, ili watu wasidhani kila mahali sheria imeshalainika. Kuna nchi zenye ukomo wa mwisho kabisa, unaohesabiwa tangu tendo lenyewe, ujue usijue.

Uswisi ilikuwa miaka 10. Hans Moor alikuwa fundi mitambo, akavuta asbesto kazini kuanzia 1965 hadi 1978. Aligundulika mesotelioma 2004, akafa 2005. Kwa sheria ile dai lake lilikuwa limekufa miaka mingi kabla hajaugua. Mahakama za huko zikasema hivyo hadi ya juu. Mjane na mabinti hawakuacha. Wakaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, na tarehe 11 Machi 2014 ikaamua kwamba kumfungia mtu mlango kwa muda ambao kisayansi hangeweza kujua anaumwa ni kumnyima haki ya kusikilizwa. Uswisi ikabadili sheria, na tangu 2020 ukomo wa mwisho kwa dhara la mwili ni miaka 20.

Mimi naona 20 bado haitoshi kwa ugonjwa unaojificha 40. Mtu anaweza kufuata sheria hiyo mpya na bado akafika mlango umefungwa. Februari 2024 mahakama ileile ya Strasbourg iliikuta Uswisi na kosa tena, kwa mtu aliyekulia jirani na kiwanda cha saruji ya asbesto.

Ukiambiwa muda umeisha, basi uliza umeisha kwa ukomo upi, wa kujua au wa mwisho. Na uliza kama mahakama ina hiari. Uingereza jaji anaweza kuruhusu dai lililochelewa akitazama umechelewa kiasi gani, kwa nini, na kama ushahidi bado upo. BintiFundi, kule kwenu hiyo hiari ipo?

BintiFundi

Haipo kaka. Tuliuliza. Wakili alisema ushauri mbaya wa simu ya dakika 5 hausimamishi saa. Pengine tungemdai yule wakili wa kwanza mwenyewe, lakini hatuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba tulizungumza naye.

Mama Wawili

Nimerudi na tatizo jingine. Baba mkwe hataki. Anasema hajawahi kwenda mahakamani maisha yake yote, na hataki kufa akigombania pesa. Sisi ni wakwe, kumsukuma tunaona aibu.

BintiFundi

Dada, baba yangu alisema maneno hayohayo. Nikirudishiwa siku moja ningemwambia hivi: hatuendi kumtukana mtu, tunakwenda kuandika ulichofanyiwa. Na ningemtuma mtu wa rika lake amwambie, si mimi.

Mwelezeni pia kwamba kukaa kimya kwake kunawagusa ninyi. Wakili wetu alituambia kuhusu New South Wales kule Australia. Huko madai ya magonjwa ya vumbi hayana ukomo wa muda kabisa, yana mahakama yao maalumu. Lakini hata huko, ili fidia ya maumivu ya mgonjwa iende kwa familia, shauri liwe limefunguliwa kabla hajafariki. Na kuna mahali ambapo mgonjwa akiacha muda wake uishe akiwa hai, wanaomtegemea nao wanafungiwa. Kufungua si lazima aende kukaa kizimbani. Anaweza kuhojiwa akiwa kitandani.

Muacheni aamue mwenyewe, ila aamue akiwa anajua tarehe.

Muuguzi Zamu ya Usiku

Naunga mkono. Na asiulizwe mara baada ya kutoka kwenye matibabu. Mpe siku 2 apumzike.

BintiFundi

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Dai letu sisi wategemezi limepokelewa leo asubuhi. Mama aliivaa miwani ya baba akasoma jina lake kwenye karatasi ya kwanza, halafu akamwomba yule kijana wa masijala agonge muhuri tena kwenye nakala yetu kwa sababu wa kwanza tarehe haikusomeka vizuri. Akagonga. Tumebakiwa na miezi 10 na siku kadhaa, tulikuwa hatuzihitaji.

Mama Wawili

Hongereni sana. Huku mjomba wa mume wangu alikuja jana, wakakaa na mzee wawili tu uani mpaka giza likaingia. Leo asubuhi mzee ameniita, akatoa bahasha chini ya godoro. Barua ya mesotelioma ina wiki 5 tu. Ile ya asbestosisi ya miaka 9 nayo alikuwa ameitunza, pamoja na kitambulisho chake cha kiwandani chenye picha. Miadi na wakili ni Jumatatu saa 4. Mzee Karani, nibebe na kile kitambulisho?

Karani Mstaafu

Kibebe, binti. Piga picha pande zote mbili kwanza, halafu kibebe chenyewe.